Mbio Zisizo na Mshindi

Kaskazini mwa mji wa Embu ardhi huanza kupanda polepole, mashamba ya kahawa yakipisha majani chai, hadi ufike Kigari. Waanglikana walifungua kituo cha misheni hapo mwaka 1910. Chuo cha ualimu cha St. Mark's kilichokuja baadaye kilijulikana duniani kwa jambo lisilohusiana na chaki wala ubao: ndipo timu ya taifa ya mbio za nyika ilipokuwa ikipiga kambi kabla ya mashindano ya dunia. Wanariadha waliamka alfajiri wakakimbia, wakarudi kunywa chai, wakatoka tena kabla ya mchana, na jioni wakatoka mara ya tatu. Hewa ni nyepesi, vilima havina huruma, na kocha Mike Kosgei hakuwa mtu wa kubembeleza.

Matokeo yake yako kwenye vitabu. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2003, timu ya wanaume ya Kenya ilichukua ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 18 mfululizo. John Ngugi peke yake alishinda mara 5. Mwaka 1988, mjini Auckland, Wakenya 8 walikuwemo katika watu 9 wa kwanza kufika.

Watu wa miteremko hii, basi, wamekuwa wakishuhudia kwa macho yao watu waliokimbia ili washinde. Mtu mzima akionekana anatimua mbio barabarani Manyatta au Runyenjes, wanaomtazama huwa na maelezo tayari: anatafuta medali, amechelewa, au anafukuzwa. Kundi la makarani, mafundi, wauguzi na wenye maduka linalotoka jasho kilima kizima, halafu linakataa kumtaja aliyetangulia, halina nafasi katika maelezo hayo. Lakini makundi ya namna hiyo yapo, yapo karibu 2,000 duniani kwa hesabu za wanachama wenyewe, na Afrika Mashariki yamekita mizizi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Yanaitwa Hash House Harriers. Kwa mkazi wa Embu au Meru anayetaka kujiunga, mlango ulio karibu ni Nairobi. Akishaujua mchezo, vilima vya kuuchezea anavyo nyumbani.

Chanzo chake ni Kuala Lumpur, Malaya ya wakati wa ukoloni, mwezi Desemba 1938. Mhasibu mmoja Mwingereza mwenye asili ya Kihispania, Albert Stephen Ignatius Gispert, aliwakusanya wenzake waliokuwa wakinenepa kwa starehe za wikendi. Wengi wao walikula kwenye ukumbi wa klabu ya Selangor, ambao chakula chake kilikuwa kilekile siku zote, na jina la utani la ukumbi huo, Hash House, likawa jina la klabu. Mchezo wenyewe waliurithi kutoka shule za Uingereza: mmoja hutangulia akidondosha vipande vya karatasi, wengine humsaka. Lengo waliliandika wazi katika katiba yao: kujenga afya, kuondoa uchovu wa ulevi wa wikendi, kupata kiu ya kweli na kuikata kwa bia, na kuwashawishi wanachama wakongwe kwamba hawajazeeka kama wanavyodhani.

Gispert hakuishi kuona mchezo wake ukisambaa. Aliuawa tarehe 11 Februari 1942 katika vita vya kuitetea Singapore dhidi ya Wajapani. Vita vilipokwisha, waliobaki walidai fidia ya mali ya klabu iliyopotea, na orodha ya mali hiyo inasema mengi kuhusu chama chenyewe: vikombe, beseni la bati, na mifuko miwili michakavu ya kubebea karatasi. Hawakuwa na uwanja, kombe la ushindi wala saa ya kupimia mwendo.

Hayo ndiyo mgeni anapaswa kuyashika kabla hajafunga kamba za viatu.

Siku ya mbio mgeni hufika mahali palipotajwa, mara nyingi kwenye uwanja wa kuegesha magari au mbele ya mkahawa, na hukuta watu wa kila umri. Yuko mwenye viatu vya bei kubwa, na yuko mwenye raba zilizochakaa za kulimia. Hulipa ada ndogo kwa mweka hazina. Ndiyo inayonunua vinywaji. Kisha mmoja wa wenyeji huchukua konzi ya unga, huchora alama chini na kuwaeleza wageni kila moja. Doa la unga maana yake ni kwamba uko njiani. Duara maana yake ni kwamba njia imekatika, na kundi litawanyike kuitafuta. Msalaba au mistari miwili maana yake ni kwamba umedanganywa, rudi ulikotoka.

Yule aliyeitega njia huitwa sungura, na wanaomfuata ni kundi la mbwa wa msako. Atakayeliona doa la unga hupaza sauti, "On-on!", na walio nyuma hujibu hivyo hivyo hadi sauti imfikie wa mwisho. Basi. Ujuzi wote wa mgeni ni huo, na robo saa inatosha kuupata.

Tuseme njia imetegwa chini ya Kigari, kwenye miteremko ya kahawa. Kundi linatoka barabara ya lami na kuingia kijia kati ya michongoma. Udongo ni mwekundu na una unyevu, na juu yake doa la unga mweupe linaonekana toka mbali, limetawanyika kidogo pembeni mahali kuku alipopitisha mdomo. Madoa matatu yanafuatana hadi kwenye daraja la magogo juu ya kijito. Ng'ambo ya pili kuna duara. Vijia vitatu vinaanzia hapo: kimoja kinapanda, kimoja kinafuata maji, kimoja kinapita nyuma ya kitalu cha miche. Wenye mbio, ambao wamefika wa kwanza, wanagawana. Aliyepanda anatumia dakika nzima kukwea mteremko mkali, anakuta madoa mawili yanayompa moyo, kisha anakuta msalaba. Anashuka tena. Wakati huo huo mama mwenye miaka hamsini na kitu, ambaye amekuwa akitembea kwa mwendo wake, anafika darajani, anakisia kwamba sungura mvivu angepita nyuma ya kitalu, anaingia huko na kuliona doa. "On-on!" Sasa yeye ndiye wa mbele, na bingwa wa kilima ndiye wa nyuma.

Hapo ndipo ilipo akili ya mchezo huu, na inastahili heshima kuliko inavyopewa. Kundi lolote la watu wanaokimbia pamoja likiachwa lijiendee, hukatika vipande baada ya kilomita moja; wenye pumzi huenda zao na mgeni hubaki akihesabu migongo. Vyama vingi vya mbio hujaribu kulitibu tatizo hilo kwa maneno ya kutia moyo. Hash inalitibu kwa unga. Kila duara linamtoza mwenye mbio gharama ya kutafuta, na kila njia ya uongo humrudisha kwa wenzake. Sungura mzuri hupimwa kwa jambo moja tu: je, wa kwanza na wa mwisho wamefika kwa kuachana kidogo? Akitega njia iliyomwacha mgeni peke yake msituni, atalaumiwa yeye, si mgeni.

Tofauti inaonekana ukiilinganisha na mbio nyingine maarufu za eneo hili. Katika hifadhi ya Lewa, Kaunti ya Meru, kumekuwa na marathoni tangu 2000, kwenye barabara ya vumbi inayopita kati ya vifaru na twiga, askari wa wanyamapori wakilinda njia na helikopta ikizunguka juu. Ni mbio zenye sifa za haki. Zimechangisha fedha nyingi za uhifadhi, shule na zahanati, na washiriki wake wengi si mabingwa. Hata hivyo zina saa na mstari wa kumalizia, na mtu wa kawaida anayeshiriki hutayarishwa na mazoezi ya miezi. Hash haimtaki mtu ajitayarishe. Inamchukua kama alivyo siku hiyo, na ni kwa sababu hiyo inafaa kwa mtu aliyehamishiwa kazi Embu wiki iliyopita na hamjui mtu yeyote zaidi ya mwenye nyumba.

Unga wenyewe una kisa chake. Mwaka 2007, huko New Haven, Marekani, watu wawili walitega njia kwa unga kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka la IKEA. Duka likafungwa, polisi wakaja wakidhani ni sumu, na wategaji wakakamatwa. Embu hakuna atakayeita polisi, lakini unga utaleta swali jingine. Katika nchi ambayo bei ya unga huangusha wanasiasa, kutapanya ngano kwenye njia inayopita mbele ya jiko la mtu ni kumkosea. Sungura mwenye busara atatumia unga wa mbao kutoka kwa seremala, au chokaa, au atarudi kwenye karatasi kama Gispert, mradi aziokote baadaye. Hili si jambo dogo. Klabu inayopita kwenye shamba la watu kila wiki huishi kwa hisani ya wenye mashamba.

Mbio huisha kwa duara la watu. Wote husimama wakizunguka kreti, na kiongozi huwaita katikati wale wanaopaswa "kuadhibiwa": sungura kwa njia yake, aliyekuja na viatu vipya, aliyekimbia mbele akasahau kuita, aliyethubutu kutaja muda aliotumia. Wageni huitwa wote pamoja. Husema majina yao, wanakotoka na nani aliyewaleta. Wenzao huimba, na kabla wimbo haujaisha kila mgeni anapaswa awe amekimaliza kikombe chake. Kisichonyweka humwagwa kichwani. Huo ndio ubatizo, na haudumu zaidi ya dakika mbili.

Mtu wa Meru hatakuwa mgeni kabisa wa mambo haya. Pombe ya asali, muratina, ilikuwa na duara lake na kanuni zake tangu zamani. Asali ilitoka nyanda kavu za chini kama Mbeere. Matunda ya mti wa muratina, marefu kama mkono wa mtu mzima, yalipasuliwa, yakachemshwa na kuanikwa. Nyuzi zake ndizo zilizobeba hamira, na tunda lililokwisha kutumika lilikaushwa likangoja pombe nyingine. Kibuyu kiliwekwa karibu na moto kipate joto. Siku ya kunywa, mzee alimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, kisha pembe ikazunguka kwa kufuata umri. Vijana hawakuruhusiwa. Kuingia katika baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo makao yake yako Nchiru, kulikuwa na gharama ya mifugo na karamu, na aliyeingia aliingia mbele ya macho ya wote. Kunywa kulikuwa na mwaliko, sababu, mashahidi na mwisho.

Kanuni hizo zilivunjwa, na waliozivunja ni wengi. Serikali ya kikoloni ilimkataza Mwafrika bia ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye zikaja pombe za bei rahisi za kwenye chupa ndogo, zinazonywewa haraka, kwa kujificha, na mtu aliye peke yake. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Waliopona wengine walipoteza macho. Februari 2024 msiba wa aina hiyo uliipiga Kirinyaga, kaunti jirani. Mwandishi yeyote anayesifia klabu ya mbio na bia katika sehemu hii ya nchi hana budi kuyataja makaburi hayo, na klabu yoyote itakayoanzishwa hapa haina budi kuyakumbuka kila inapofungua kreti.

Ndiyo maana kanuni za duara zina uzito kuliko nyimbo zake. Bia hutoka baada ya kazi, haitangulii. Hunywewa hadharani, watu wakitazamana, na aliyezidiwa anaonekana mapema. Maji hunywewa kwanza. Mwili uliotoka jasho kwenye mwinuko wa mita 1,500 unadai maji, na pombe huyaondoa badala ya kuyaleta. Asiyekunywa hupewa soda au maji na anaimbiwa wimbo uleule, kikombe kilekile. Klabu isiyoweza kumheshimu mtu wa soda inapaswa kuachwa siku hiyohiyo.

Watu wa soda, tena, hapa ni wengi. Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912, na mwaka 1922 daktari Archibald Irvine alianza kazi Chogoria chini ya kanisa la Scotland. Makanisa hayo yalijenga shule na hospitali, na pamoja nazo yalijenga familia ambazo kwazo chupa ya bia mezani ni aibu hadi leo. Mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kupenda mbio, vilima na kicheko cha wenzake, na akaogopa tu kuonekana karibu na kreti. Nafasi yake katika duara isiwe ya kuvumiliwa. Iwe nafasi kamili.

Lipo pia suala la nyimbo na majina. Desturi ni kwamba mtu akishakimbia mara kadhaa hubandikwa jina la klabu, na katika klabu majina ya kazi na vyeo hayatumiki. Wazo hilo ni zuri sana: meneja wa benki na kijana wa bodaboda husimama sawa, kila mmoja na jina la utani alilopewa na wote. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi duniani majina hayo na nyimbo zake vimekuwa vya matusi ya chumbani, urithi wa klabu iliyoanza kama ya wanaume peke yao. Wanawake walianza kuwa na makundi yao miaka ya 1970, na klabu mama ya Kuala Lumpur ingali ya wanaume. Mwanamke anayekuja kwa mara ya kwanza ana haki ya kucheka bila kudhalilishwa. Utani si kitu cha kuagiza kutoka nje kwa watu waliokua wakitaniana na babu zao, na utani wa mtu na babu yake una mipaka ambayo kila mtoto anaijua. Njia inapita mbele ya nyumba za watu, watoto wanakimbia pembeni wakiitikia "On-on" bila kujua ni nini. Watasikia pia kinachoimbwa baadaye.

Kampala imeonyesha kwamba mchezo huu unaweza kuwa wa wenyeji. Kundi la huko, linalokutana jioni za Jumatatu kama lile la kwanza la Malaya, limejaa Waganda wenyewe, wakikatiza mitaa ambayo mgeni wa mji asingethubutu kuingia peke yake. Watu hujua mji wao kwa namna hiyo: nyuma ya nyumba, kwenye mifereji, sokoni wakati meza zinafungwa. Mji wa Embu una mito yake na vichochoro vya mtaa wa Shauri ambavyo mtumishi wa ofisi ya kaunti anaweza kukaa miaka mitatu bila kuviona. Meru ina mto Kathita na mashamba yanayoshuka kwa ngazi hadi majini.

Mgeni akiendelea kuja, siku moja ataambiwa ni zamu yake kuwa sungura, na hapo ndipo kazi ilipo. Meru atapaswa kuitembea njia yote siku mbili kabla, akiwaomba ruhusa wenye mashamba mmoja mmoja na kumpa taarifa chifu. Ataukwepa msitu wa Imenti, kwa sababu ndovu hawafuati alama. Atakumbuka kwamba mji umekaa karibu juu ya ikweta, giza huingia mapema na kwa ghafla mwaka mzima, kwa hiyo wa mwisho awe amefika kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Sheria ya mwaka 2010 haimruhusu mwenye baa kuuza kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, wala kabla ya saa nane mchana wikendi. Jumamosi, basi, ndiyo siku yake. Achague mwisho wa njia mahali penye maji, choo na matatu za kurudi, na apange madereva wasiokunywa, maana barabara ya Meru kwenda Embu ina kona na daraja la Nithi, ambalo limeua abiria wengi mno. Akishamaliza hayo yote abebe gunia lake la unga wa mbao, atege duara la kwanza chini kabisa ya kilima, na njia ya uongo aielekeze juu.